Wiki Hamsini na Mbili Ukutani mwa Bucha

Majimbo, Embu
5 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na nimenenepa. Mama yake Lorna anaamini mchezaji wa tenisi ni fahali wa kunoneshwa, kila nikisimama ananijazia sahani. Msalimie Rahim, umwambie binamu yangu asikuache ubebe mapaja ya ng'ombe peke yako.

Ndani ya bahasha kuna karatasi kubwa niliyoikunja mara nne. Ndiyo ratiba yangu ya mwaka huu, wiki hamsini na mbili. Uliniuliza Desemba tunapangaje, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Sasa nakueleza.

Kila wiki duniani kuna mashindano madogo ya watu kama mimi. Hatuendi tu tunakopenda. Jina linapelekwa Alhamisi, wiki mbili na nusu kabla, halafu unangoja orodha kuona kama umeingia. Wenye pointi nyingi wanaingia kwanza. Pointi nazo zina umri, Baba. Ulichoshinda Juni mwaka jana kinafutwa Juni mwaka huu, wiki ileile, kwa hiyo lazima urudi ukashinde tena ili ubaki pale ulipokuwa. Nauli ya ndege haikubali niende nchi kwa wiki moja, ndiyo maana utaona nimepanga wiki tatu tatu mahali pamoja: Nairobi, Tunisia, Uturuki, Misri. Wiki ya tarehe 10 Novemba nimeandika NYUMBANI kwa wino mwekundu. Hiyo haiguswi.

Kwa kuwa masikio yako na simu hayapatani, tuandikiane. Tuma barua kwa sanduku la posta la mama yake Lorna hapa Embu. Lorna ameacha mashindano, siku hizi anafundisha watoto wa mtaa huu, na ameahidi kuzipiga picha anitumie popote nilipo. Zangu atazichapisha azitie kwenye gari la Meru.

Niombee dua.

Mwanao,
Shamima


Majengo, Meru
9 Februari 2025

Kwa binti yangu Shamima, mtembezi,

Marahaba, ingawa salamu yenyewe ina mwezi mzima. Sisi wazima. Rahim ameanza kufuga ndevu, anafanana na mbuzi wa Siakago, lakini usimwambie nimesema. Mama Suhail wa mlango wa pili anakusalimu, na anauliza kama huko wanakupa chakula halali.

Ratiba nimeibandika ukutani mwa bucha, kati ya leseni na saa. Kila Jumatatu nakata wiki moja kwa kalamu. Mtu amekuja kuchukua nusu kilo ya matumbo anaondoka akijua Tunisia iko upande gani. Juzi mzee Mithika alibishana na muumini mmoja wa msikitini kama Uturuki ni Ulaya, nyama ikasahaulika kwenye mizani.

Wewe unadhani mmebuni jambo jipya? Mimi napanga mwaka hivyohivyo tangu hujazaliwa. Mwezi mmoja kabla ya Idd kila mwenye kisu yuko soko la Kianjai, na mwenye fahali anakuwa mfalme, hata hakusalimii vizuri. Mimi naenda mapema wakati wenzangu wamelala, nachagua wangu, namwachia Mbaabu amlishe. Shule zikifungwa sinunui wawili, maana wapishi wa shule hawaji. Mvua ikichelewa kule Mbeere, Njuki ananiletea mbuzi kabla hawajakonda. Kwa hiyo ninapoona unakwenda mahali ambapo wakubwa hawapo, nasema huyu ni damu yangu.

Lakini nimeona kitu sikukipenda. Ng'ombe anayetembezwa kila soko hukonda, na mnunuzi huona mbavu kwanza. Wiki zako za kupumzika ziko wapi? Na Idd utakuwa Tunisia. Haya, bas.

Jicho langu la kushoto lina ukungu. Jana nilimsalimu Mithika kwa heshima zote, kumbe ni koti lake limetundikwa mlangoni. Watu wamecheka hadi leo. Ni moshi tu.

Baba yako,
Yusuf


Monastir, Tunisia
13 Aprili 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Idd njema iliyochakaa. Barua yako niliisoma kwenye simu nikiwa nafua soksi. Nimecheka lile koti, halafu sikucheka. Nenda ukaonyeshe hilo jicho, tafadhali. Moshi gani unaingia jicho moja?

Hapa tunakaa hoteli moja wote, wachezaji labda themanini. Unajua nini kinanishangaza? Chumba cha chakula kimejaa, na kila mtu ana meza yake. Yule unayecheka naye asubuhi ndiye utakayepangwa naye kesho, kwa hiyo mazungumzo yanaishia kwenye hali ya hewa. Kila Jumatatu wanaoondoka wanaondoka, wengine wanakuja na mabegi yaleyale. Siku ya Idd nilikwenda msikiti wa mjini. Mama mmoja alinitia keki ya tende mkononi na kuniuliza kitu kwa Kiarabu. Sikuelewa hata neno. Nilimkumbatia mgeni wa watu nikalia mpaka akaanza kunifuta kwa mtandio wake.

Nimeshinda mechi tatu kwa wiki tatu, si nyingi. Inayonisumbua ni Juni. Mwaka jana Juni, Uturuki, nilifika nusu fainali, na pointi zile ndizo zinazonishikilia. Nisipozirudisha wiki ile, jina langu linaporomoka, na likiporomoka siingii popote. Nitarudi kuanza mlangoni kama mtu ambaye hajawahi kushika raketi.

Kifundo cha mkono wa kulia kinauma kidogo. Nakifunga bandeji. Si kitu.

Shamima


Majengo, Meru
10 Juni 2025

Binti yangu,

Assalamu alaikum. Leo naandika herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Usinicheke, ndizo ninazoziona.

Idd ya kuchinja ilipita vizuri, fahali wa Mbaabu alikuwa na nyama ya kusifiwa. Ila nilijikata kidole. Mimi! Miaka arobaini na kisu, sijawahi kumwaga damu yangu mbele ya wateja. Kisu kilikuwa upande wa kushoto na sikukiona kabisa, ilikuwa kama upande huo hakuna kitu. Rahim alinifunga kidole kwa kitambaa. Kesho yake akanitia kwenye gari kwa nguvu mpaka kwa daktari wa macho.

Ni presha ya macho. Daktari alimwandikia Rahim kwenye karatasi nami nikasoma kwa shida: kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kinaokolewa kwa upasuaji. La kushoto lina hali mbaya, la kulia limeanza. Alitaka nipasuliwe Julai. Nikatazama ratiba yako, Julai umejaa. Nikamwambia tarehe 10 Novemba. Alipandisha nyusi, lakini ameandika, na amenipa dawa ya matone.

Nakujua, sasa hivi umeshashika kichwa. Sikiliza. Nikifungwa macho, na masikio yangu ndiyo haya, nitakuwa nimelala kama gunia. Watu watanigeuza na sitajua ni nani. Nimewahi kuogopa vitu vitatu tu maishani, na hiki ni kimoja. Rahim ni mtu mwema, lakini akinisemesha anapiga kelele kama anafukuza ng'ombe. Nataka uwe wewe. Cheza Juni yako, shinda pointi zako, mimi nitangoja.

Na jambo jingine sitalificha. Simu ilishatushinda. Macho yakienda, sisi wawili tutazungumza kwa njia gani?

Yusuf


Majimbo, Embu
24 Juni 2025
(Barua hii sikuituma. Imo kwenye mfuko wa raketi.)

Baba,

Siko Uturuki. Sijawahi kufika Uturuki mwaka huu. Niko Embu, kwenye kile chumba cha nyuma kwa mama yake Lorna, saa mbili na nusu kutoka kwako.

Mkono uliharibika mwezi wa tano, niliporudi Tunisia kwa wiki nyingine tatu. Nilipiga mpira mmoja wa kawaida tu, nikasikia kitu kikiachia ndani ya kifundo, na raketi ikaanguka yenyewe. Miezi sita nisishike raketi, ndivyo walivyoniambia. Nikajitoa Uturuki. Jumatatu iliyopita pointi zangu zilifutwa. Nilifungua orodha nikashuka, nikashuka, nikachoka kushuka, nikazima simu.

Nilitua Nairobi tarehe 28 Mei na nikapanda gari la Meru. Wallahi nililipa mpaka Meru. Tulipofika Embu nikamwambia dereva anishushe. Nilijiambia nitalala siku moja nijipange jinsi ya kukueleza. Nitaingiaje kwenye mlango ule na ukuta unasema niko Uturuki? Mtaa mzima ulinisindikiza kwa dua. Mama Suhail alinipa mtandio wake mpya. Ningesema nini, kwamba nimerudi na mkono shingoni na jina halionekani?

Asubuhi namsaidia Lorna na watoto, nawarushia mpira kwa mkono wa kushoto. Mchana nalala. Sina wa kuzungumza naye, maana Lorna ananihurumia na siwezi huruma.

Leo nimesoma barua yako ya jicho. Nimeshika begi mara mbili. Mara ya pili nilifika getini. Mimi ni mtoto gani, Baba?


Antalya, Uturuki
26 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku jua kali, viwanja vizuri. Juni imekuwa ngumu, nitakueleza tukionana.

Nakuomba sana, usiningoje. Mwambie daktari akupasue Julai. Rahim akukalie, nami nitakuja baadaye. Ratiba ni karatasi tu, Baba. Tafadhali.

Shamima


Majengo, Meru
24 Agosti 2025

Binti yangu Shamima,

Assalamu alaikum. Nimechelewa kukujibu, naandika mistari miwili kwa siku. Sisi wazima. Rahim amenyoa ndevu, kuna msichana anaitwa Gladys wa duka la mbegu, sijui kama atamkubali bila ndevu au na ndevu.

Usinihimize habari ya Julai, imekwisha kupita. Dawa ya matone inanifaa, jicho limetulia. Siku nyingine naona hata bei ya nyama ya duka la mbele.

Njuki alileta mbuzi kumi wiki mbili zilizopita. Alikaa sana, akanywa chai vikombe vitatu. Alinieleza habari za Embu, jinsi mahindi yalivyokauka kwao, na jinsi alivyopita Majimbo kumwona dada yake. Alikuwa na habari nyingine pia. Nilimwambia anyamaze nayo, akaapa, na Njuki akiapa ameapa.

Nataka nikwambie kitu, na ukichukue kama kilivyo. Mtu akiumia, mahali pake ni kwao. Mbuzi akivunjika mguu Njuki hamwachi porini ati kwa sababu soko la wiki hiyo limempita. Nikifungua bucha asubuhi mlango wa nyuma huwa sifungi. Anayetaka kuingia bila mtaa kumwona anaweza. Sijui kwa nini nakuandikia haya, labda ni uzee.

Nimekata wiki ya thelathini na nne. Wanauliza uko wapi, nasema yuko anakopaswa kuwa.

Baba yako


Sharm el-Sheikh, Misri
28 Septemba 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia dawa inafaa. Nimefurahi sana, hujui. Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi Lorna ananiuliza kuna nini ndani yake, yaani ananiuliza kwa simu.

Huku wiki ya kwanza nimetolewa mapema. Mkono bado, nitaupumzisha. Kuna watoto wanakuja uwanjani asubuhi kucheza kabla yetu. Mmoja anashika raketi kwa mikono miwili kama jembe, na kila akipiga mpira nje anaangalia nyuma kuona kama baba yake ameona. Sikuweza kuendelea kumtazama.

Zimebaki wiki sita. Tarehe 8 Novemba nitatoka uwanja wa ndege moja kwa moja mpaka Majengo, na tarehe 10 nitakushika mkono kama tulivyopanga. Usiache dawa.

Habari ya mlango wa nyuma nimeielewa, au nadhani nimeielewa. Naogopa kuuliza.

Shamima


Majengo, Meru
19 Oktoba 2025

Shamima,

Anayeandika ni Rahim. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake. Amejua jana habari zako na amelia, nawe usimwambie nimekwambia. Hiyo nayo ameiandika, mtiifu kweli.

Lile jicho la kushoto limekwenda. Nilikudanganya Agosti. Dawa haikuwa ikifaa, na bei za duka la mbele sikuwa nikiziona hata kwa kuonyeshwa kidole. Jumatano liliuma mpaka nikatapika, tukaenda kwa daktari, akaniwekea taa nikamwuliza ataiwasha lini. Ilikuwa inawaka.

La kulia limebakiwa na mwanga kidogo wa katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Litapasuliwa Alhamisi hii, tarehe 23. Daktari amesema Novemba itafute mtu mwingine wa kuingoja.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekasirika na nimechoka kukasirika. Njuki alikuona mwezi wa nane, uwanjani Majimbo, unarusha mipira kwa mkono wa kushoto. Alikuita jina. Ukageuka ukaingia ndani. Dada yake ndiye aliyemweleza, kwa alivyosikia kwa mama yake Lorna, kuwa uliumia mkono mwezi wa tano na pointi zimekwisha. Alikuja kuniambia akidhani namtafuta mtoto aliyepotea. Nikamwambia najua, yuko huko kwa ruhusa yangu. Nilimdanganya mtu mzima anayenywa chai yangu.

Kwa nini sikuja kukuchukua? Nimejiuliza kila siku. Kwetu tumefundishwa kusitiriana, anayemsitiri mwenzake Mungu atamsitiri. Nikasema nikimwita nitamvua nguo mbele ya watu, acha aje mwenyewe. Nikasimama palepale bucha nakata wiki za uongo kwa kalamu, nikijua ni uongo, mbele ya wateja, ili wewe usiaibike. Wewe huko unaandika Misri, mimi huku nakata Misri. Saa mbili na nusu, Shamima! Nimepoteza jicho nikingoja mtu ambaye ningeweza kumfuata na kurudi kabla ya adhuhuri. Wewe umekosea, ndiyo. Lakini mkubwa ni mimi, na mimi nilikuwa najua.

Jana nimemwambia Rahim aitoe ile karatasi ukutani. Watu wakauliza. Nikasema, mwanangu aliumia mkono mwezi wa tano, pointi zimekwisha, yuko Embu. Nikangoja waseme. Unajua Mama Suhail alisema nini? Rahim alinirudishia sikioni, "Mwezi wa tano? Na hamjampelekea supu ya mifupa?" Mithika akauliza kama Embu kuna uwanja mzuri. Halafu wakaendelea kununua nyama. Hiyo ndiyo aibu tuliyoikimbia wewe na mimi karibu miezi mitano.

Usinijibu kwa barua. Siwezi kuisoma, na sitaki maneno yako yapigwe kelele sikioni mwangu katikati ya wateja. Baada ya Alhamisi nitafungwa macho yote mawili siku kadhaa, na hapo ndipo nitakapokuwa gizani na kimya, kile kitu nilichokwambia naogopa.

Kuna jambo hujui. Masikio yangu yalipoanza kufa, wewe ulikuwa bado unatambaa, na mama yako Mwanarusi, Mungu amrehemu, alikuwa akiniandikia kiganjani kwa kidole. Maneno mafupi tu. Chai. Wageni. Nyamaza. Tangu afariki hakuna aliyeniandikia tena, na sikumwomba mtu, niliona ni kitu cha wawili.

Barua hii haipiti posta, inapanda gari la Embu leo. Njoo kabla ya Alhamisi. Mkono wa kulia ukikuuma, tumia wa kushoto. Andika herufi moja moja, nami nitasoma polepole.

Baba yako,
Yusuf